Goti Lisilouma

Okidi alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka akastaafu. Sasa goti lake la kulia lilimwuma kiasi kwamba ngazi za nyumbani alizishuka kinyumenyume. Mkewe, Lakica, alipochoka kumcheka, alimpeleka kwenye kliniki moja ya mtaa wa Wandegeya yenye kompyuta inayosoma picha za eksirei.

Alipigwa picha magoti yote mawili, akiwa amesimama. Kabla Daktari Sundus hajasema neno, programu ilikwisha kuchora visanduku viwili kwenye skrini na kuandika matokeo: goti la kulia, karibu zima; la kushoto, limelika sana.

"Imegeuza," Lakica alisema. "Linalouma ni la kulia."

Sundus naye alidhani hivyo. Akakagua alama ya upande kwenye picha, akamwita mpiga picha na kumwuliza, lakini hakuna kilichogeuzwa. Alipoitazama picha kwa macho yake mwenyewe, aliona ni kweli: katika goti la kushoto mifupa ilikaribia kugusana, na la kulia lilikuwa na nafasi nzuri katikati.

Okidi akavuta kiti karibu na skrini. "Hili la kushoto ndilo bovu?"

"Ndilo, mzee."

"Mbona halijawahi kuniuma hata siku moja?"

"Hata mimi nashangaa."

Sundus angeweza kumwandikia dawa za maumivu na kumwita mgonjwa mwingine. Badala yake alimlaza Okidi kitandani, akalibonyeza goti la kulia kila upande, akalikunja na kulikunjua. Okidi alitulia tu. Kisha daktari akaushika mguu huo ukiwa umekunjwa na kuuzungusha polepole kwa ndani. Okidi akapiga kelele.

"Wapi?"

"Gotini! Hapana, ngoja... inaanzia hapa juu, kwenye kinena."

"Tupige picha ya nyonga," Sundus akasema, na tayari alikuwa anaelekea mlangoni.

Picha ya nyonga ilipofunguka, hakuna kisanduku kilichotokea. Lakica akauliza kama mashine imekufa.

"Haijui nyonga, mama. Imefundishwa magoti peke yake. Hii nitaisoma mwenyewe." Akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja kilisagana na tundu lake. "Ugonjwa unaomsumbua uko hapa. Mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inapita pamoja, kwa hiyo ubongo unadhani ni goti."

Okidi akaitazama picha hiyo kwa muda, halafu akaomba arudishiwe ile ya kwanza.

"Na hili lililolika, linanyamaza kwa nini?"

Sundus akaifungua tena picha ya magoti. "Sijui, mzee. Kuna watu picha zao ni mbaya na hawaumwi, na wengine wanaumwa wakati picha ni nzuri. Watu bado wanachunguza."

Okidi alipenda kujibiwa hivyo. Aliondoka na miadi ya daktari wa mifupa, mazoezi ya kufanya nyumbani, na fimbo aliyoambiwa aishike kwa mkono wa kushoto ili impunguzie uzito nyonga ya kulia. Barabarani alisimama akitaka Lakica amweleze ubongo unawezaje kukosea mahali katika mwili wake wenyewe.

"Vuka kwanza," Lakica akamwambia, akimshika kiwiko. "Bodaboda hizi hazisubiri maswali."