Kaburi la Mzee Luhende Lapelekwa Maktaba

Kivuko kilikuwa kimekwisha kuiacha Kamanga, mlango wake wa chuma bado unapanda kwa kulalamika, pale mkata tiketi alipolifikia kaburi. Lilikuwa limetulia kati ya lori la mkaa na pikipiki za watu, kaburi la sementi la zamani, msalaba wake umemeguka pembe moja, majani ya shambani yameling'ang'ania ubavuni.

"Hili la nani?"

"La kwetu," alisema Modesta.

"Abiria au mzigo?"

Modesta alimtazama baba yake mdogo, Mzee Yakobo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilifuata kaburi hilo kwa nyuma na fimbo, kama mtu anayeswaga ng'ombe aliyeshiba. Mzee Yakobo alifikiri kidogo.

"Aliyemo ndani ni baba yangu. Huyo ni abiria. Hiyo sementi iite utakavyo."

Mkata tiketi alieleza kwamba sementi peke yake ingekuwa mzigo, na mzee peke yake angekuwa abiria. Ila kwa kuwa wako pamoja, na wameingia wenyewe bila kubebwa, kwa taratibu za kivuko hilo ni gari dogo. Akawaandikia gari dogo, akaenda zake kwa wenye mbuzi.

Mama mmoja mwenye beseni la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa anatafuta pa kuketi. Aliona ukingo wa kaburi umepata kivuli cha lori.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

"Marahaba," lilijibu kaburi.

"Sitakuchosha?"

"Kaa tu, mama. Huko nilikotoka mbuzi wanalala juu yangu."

Yule mama akaketi, akaanza kutafuna michembe yake. Modesta aliegemea lori akafumba macho. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Buswelu, darasa ambalo watoto wa nyuma huandikia mapajani, na kila alipotoka huko alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili. Uchovu ulikuwa umemwingia hata kwenye kucha. Tasnifu yake ilihusu watu walioishi ufukweni Nyabusalu kabla ya uhuru. Hakuichagua kwa mapenzi ya elimu. Kampuni moja ya vizimba vya samaki ilikuwa imekuja Nyabusalu na wapima ardhi, ikapanda bikoni za mipaka katikati ya mihogo ya ukoo wao, ikasema ufukwe ule haujawahi kuwa na mwenyewe. Kesi ilikuwa kwenye baraza la ardhi. Na kwao Modesta, kama kwingine, aliyesoma ndiye anayetumwa.

Alianzia maktaba, mahali pa kuanzia. Bi Teodora Agutu, mtunzaji wa chumba cha nyaraka maalumu, mama wa Shirati aliyesema polepole kama anayepima dawa, alimkalisha chini.

"Chanzo cha msingi, mwanangu, ni yule aliyekuwepo akaona. Au kitu kilichotengenezwa palepale, siku zilezile. Vingine vyote ni maneno ya watu juu ya maneno ya watu."

Wakatafuta. Vitabu vya wilaya vya miaka hiyo vilikuwa vimeliwa na mchwa, yamebaki majalada, nayo mazuri. Mashine ya kusomea filamu za nyaraka ilikuwa inasubiri balbu tangu Bi Teodora hajaota mvi. Wakapata kitu kimoja tu: ripoti iliyopigwa taipu mwaka 1953 ya Bwana Shauri mmoja, ofisa Mwingereza wa wilaya, aliyeuzungukia mwambao kwa boti akiandika kila alichokiona. Alipofika Nyabusalu aliandika: eneo tupu, halina watu, ndege weupe wengi.

Wakili wa kampuni alikuwa nao ukurasa huo tayari. Ndio uliokuwa ushahidi wake.

Modesta aliupeleka nyumbani kuwasomea wazee. Mzee Yakobo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa kwa nini usimsomee babu yako?"

Kaburi la Luhende lilikuwa likizungumza siku zote. Watu waliliuliza ng'ombe aliyepotea kapita upande gani, likasema, kama lilimwona. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hiyo ni historia. Modesta alichuchumaa kwenye mihogo akausoma ukurasa, akiutafsiri kidogo kidogo.

"Namkumbuka," lilisema. "Ilikuwa Jumapili. Tumetoka kusali, tumevaa kanzu na magauni meupe, tumejaa pale ufukweni. Tulimpungia mikono."

"Alishuka?"

"Hakushuka. Alikuwa ameinama ubavuni mwa boti, anatapika. Akainuka, akatutazama, akaandika."

Modesta aliyaweka maneno hayo katika sura ya tatu. Msimamizi wake, Dakta Revocatus Chenge, aliyasoma akiwa na kalamu nyekundu, akapigia mstari tanbihi.

"Mwalimu, hapa umenikwamisha. Unasema 'Luhende, kaburi, mazungumzo na mwandishi'. Kipo wapi hiki chanzo?"

"Shambani kwetu, ng'ambo."

"Mtahini wa nje akitaka kukihakiki?"

"Apande kivuko, Dakta."

"Hapandi. Chanzo kisichofikika si chanzo. Kilete maktaba, kipewe namba, nami nitasaini siku hiyohiyo."

Modesta alilipenda wazo hilo kuliko Dakta mwenyewe. Kampuni ilikuwa na karatasi yenye muhuri wa maktaba. Babu yake hakuwa na muhuri wowote, alikuwa na mihogo tu. Na baraza, kama alivyokuwa ameliona, lilikuwa likikutana na muhuri linakaa sawasawa kitini. Alimweleza Mzee Yakobo. Mzee Yakobo alimwagia kaburi pombe kidogo ya mtama, akalieleza kwa Kisukuma, bila haraka. Walipoamka, lilikuwa barabarani, linawasubiri.

Basi ndivyo walivyofika mjini. Kutoka kivukoni kaburi lilipita pembeni mwa lami, Mzee Yakobo na fimbo yake nyuma, na trafiki wa kwenye mzunguko akalisimamishia magari. Mlinzi wa maktaba aliuliza kama lina begi. Halikuwa nalo. Akalifungulia milango yote miwili.

Bi Teodora alilipima urefu na upana, akalipangusa kwa brashi laini. Udongo ulioanguka aliutia kwenye bahasha, akiandika juu yake, maana na udongo ni sehemu ya kitu. Kisha akatafuta mahali ambapo muhuri hautafunika maandishi. Maandishi yenyewe yalikuwa yamechorwa kwa kijiti sementi ikiwa mbichi: LUHENDE. AMELALA SHAMBANI KWAKE. 1961. Akapiga muhuri chini yake. Akabandika namba, Modesta akaweka saini ya kukabidhi.

"Ugoro unaruhusiwa?" liliuliza kaburi.

"Hapana, baba. Wala chakula. Na wasomaji wote wanatumia penseli."

"Hata mimi?"

"Wewe si msomaji."

Kwa wiki nyingi Modesta aliketi hapo kila alipotoka Buswelu. Kwa maswali alimpeleka babu yake kaya kwa kaya, kutoka ufukweni hadi mlimani: nani alikausha dagaa wapi, pamba ya nani ilipakana na ya nani, nani alizaliwa, nani alizama. Mzee alichokiona alikisema. Asichokiona alisema, "Hilo sikuliona," na hata ungemzunguka vipi hakuongeza neno. Dakta Chenge alikuja mwenyewe siku moja, akavuta kiti, akauliza habari za bei ya pamba.

"Hilo sikuliona. Sokoni alikuwa anakwenda mke wangu."

Dakta alitoka akiwa amefurahi. "Chanzo kizuri mno," alimwambia Modesta kwenye korido. "Hakipambi."

Tasnifu ikapita. Mtahini wa nje alisifu sura ya tatu.

Baraza likaja Nyabusalu kuangalia eneo. Alikuja mwenyekiti na wajumbe wake, na wakili wa kampuni, ambaye alikuwa na viatu vizuri na hakutaka vipate tope. Modesta aliwapeleka mpaka kwenye mihogo. Hapo palikuwa na shimo la pembe nne, mvua imelijaza, bata wawili wanaogelea.

Wakili aliomba iandikwe kwamba hakuna kaburi. Ikaandikwa.

Modesta alitoa tasnifu kwenye begi, imejalidiwa, akaifungua kwenye ukurasa wenye namba ya maktaba. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu. Aliisoma sura yote akiwa amesimama, akigeuza karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, kazi nzuri. Umethibitisha pasipo shaka kwamba kaburi lipo. Umethibitisha lipo Mwanza."

"Lilitoka hapa, mheshimiwa."

"Nani aliliona likitoka?"

"Mimi," alisema Mzee Yakobo. "Nililiswaga mwenyewe."

"Wewe ni mdai, mzee wangu. Unadai shamba hili hili."

"Basi njooni mumwulize yeye mwenyewe," alisema Modesta. "Atawaambia."

Mwenyekiti alishauriana na wajumbe, wakapekua kitabu. Akasema kwa upole kwamba kanuni zina utaratibu wa kuapisha Mkristo, Mwislamu na asiye na dini, ila sementi haikutajwa. Mbele ya baraza, kaburi lingekuwa ushahidi kama lingekutwa shambani. Akaahirisha shauri, ili wadai wakipenda wajipange.

Modesta alirudi Mwanza kwa kivuko cha jioni ileile, na kulipokucha alikuwa mlangoni mwa maktaba. Bi Teodora alimsikiliza bila kumkatisha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ningeweza, ningekufungulia. Lakini kikishapigwa muhuri hakitoki, hata kwa aliyekileta. Umeweka saini mwenyewe, mwanangu. Andika barua kwa kamati ya maktaba, mimi nitaipeleka. Kopi ninaweza kukutolea."

"Kopi ya kaburi?"

"Picha. Pande zote nne."

Modesta aliingia ndani akachuchumaa, kama alivyochuchumaa siku ile kwenye mihogo. Hakuona haya, alikuwa amechoka mno kuona haya.

"Babu, turudi nyumbani. Ukiondoka mwenyewe hakuna atakayekuzuia."

Kaburi halikujongea hata kidogo.

"Mliniomba nije, nikaja," lilisema. "Mimi si kivuko, mjukuu wangu."

"Watachukua shamba."

"Nilizikwa mara moja nikachoka. Mmenizika mara ya pili. Ya tatu siiwezi." Kisha likaongeza: "Na hapa hakuna mbuzi."

Modesta aliandika barua kwa kamati. Kamati ilikuwa haijakutana. Baraza likatoa uamuzi: kwa kuwa ufukwe wa Nyabusalu ulionekana tupu mwaka 1953, na ulipokaguliwa sasa umeonekana hauna kaburi, wadai hawakuonyesha kwamba waliwahi kuwepo. Ndege weupe walitajwa.

Kampuni iliweka vizimba vyake, na inauza sato mjini na nje ya nchi. Bata walichukuliwa na mpishi wa vibarua. Dakta Chenge alipandishwa cheo, akasoma makala juu ya kaburi la Luhende kwenye mkutano wa wanahistoria, akapigiwa makofi. Bi Teodora alistaafu akarudi kwao Shirati. Aliyemrithi anafunga chumba mapema. Kamati ilikutana, ikakosa akidi. Mzee Luhende bado yupo, wanafunzi wa mwaka wa tatu humwuliza habari za pamba, naye huwaambia hakuiona bei.

Modesta alipata shahada yake. Anafundisha Buswelu, darasa lilelile.

Mzee Yakobo alihamia Buzuruga, kwenye chumba alichopangiwa na Modesta nyuma ya stendi. Alikuwa akienda maktaba kila wiki, anasaini kitabu cha wageni, anakaa karibu na baba yake, hawasemi sana. Mvua za vuli zilipoanza alishikwa na kifua, akafa. Wakamzika kwenye makaburi ya jiji, kwa kuwa shamba halikuwepo. Kaburi lake lilijengwa kwa sementi nzuri kuliko ya baba yake, na vigae juu. Modesta hulipitia Jumapili akitoka kanisani, huliamkia na kusubiri kidogo. Halijawahi kujibu.