Mwanafunzi Aliyetaka ya Jana Tu

Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuutafutia dawa: udaku. Si ule wa kuchonganisha watu, la hasha; ule wa kutaka kujua tu. Akimwona mtu kabeba ngazi barabarani, mpaka ajue inapelekwa wapi. Ndiyo maana alipenda kufundisha Kiingereza kwa watu wazima, na kupita yote alipenda wiki zile za wakati uliopita. Hebu fikiria: unapewa ruhusa ya kumuuliza mtu na ndevu zake, mbele ya kadamnasi, jana alifanya nini. Naye anajibu! Tena anaandika na daftarini.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, lina viti kumi na viwili visivyofanana na ubao mweupe ambao siku hizi ulikuwa unagoma kufutika. Jumatatu moja, saa kumi jioni, mwalimu akiwa ndiyo kwanza anaandika neno "yesterday", akaingia mzee wa ovaroli ya bluu. Mikono aliisugua kwa sabuni mpaka ikapauka, lakini kucha zilikuwa na weusi wa grisi.

"Karibu mzee wangu," mwalimu alisema. "Wanaoanza tunawapokea mwezi ujao."

"Hapana, mwalimu. Nimesikia wiki hii mnaanza mambo yaliyopita. Nataka hayo tu."

"Hayo tu? Na ya leo je?"

"Ya leo nayaona mwenyewe."

"Na ya kesho?"

"Ya kesho anayajua Mungu. Nipe ya jana, mwalimu. Nina wiki tatu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee alikuwa fundi wa lifti kwenye jengo la ofisi la ghorofa saba, na kabla kipindi hakijaisha kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa mchokozi wa darasa, alikwishampa jina: Mzee Panda-Shuka. Mzee hakukasirika. Alisema afadhali yeye anapanda na kushuka, kuna watu wanashuka tu.

Basi udaku wa mwalimu ukapata chakula. Wengine walitaka vitenzi vya kawaida: nilipika, nilinunua, nilimpigia dada. Huyu mzee alikuwa na orodha yake. Anataka kujua jana ya kufungua. Jana ya kupaka. Jana ya kushuka. Jana ya kuacha, jana ya kuanguka. Kila mara anakohoa, anauliza kwa adabu, anaandika kwa herufi kubwa kama anachora ramani. Nyumbani mwalimu aliyaandika maneno yale nyuma ya bahasha, akayapanga, akayapangua, chai ikapoa.

"Anaandika kitabu cha maisha yake," kinyozi alisema siku mzee alipochelewa.

"Kitabu gani cha grisi na kuanguka?" alijibu mama muuza vitambaa. "Huyo ana kesi. Mwenye macho haambiwi tazama."

Wiki ya pili mwalimu alileta zoezi alilolipenda sana. Mtu anafanya jambo bila kusema, anakaa, kisha wenzake wanaeleza alichofanya. Kinyozi akanyoa hewa, akaikata na sikio. Mama muuza vitambaa akapima kitambaa ambacho hakipo, mita moja moja, na kila mita akaipunja kidogo, watu wakacheka mpaka machozi. Zamu ya mzee ikafika.

Mzee alikwenda kwenye mlango wa darasa. Akatoa mfukoni ufunguo wa kujifanya, akafungua mlango wazi kabisa. Akapiga goti, akachovya kidole kwenye kopo ambalo halipo, akapaka chini ya mlango, akachovya tena. Akachungulia kopo. Akasonya. Akainuka, akatoka, wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi moja moja hadi chini, na sauti yake ikiwasalimu watu wa duka la rangi. Darasa likangoja, macho yote kwenye ule mlango. Baada ya muda viatu vikapanda. Mzee akasimama kizingitini, akaangalia sakafu, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"He opened the door!" walipiga kelele. "He went down!"

"Mwalimu, mwalimu!" kinyozi aliruka kitini. "Mlango hakuufunga! Nasemaje, hakuufunga?"

Mwalimu akamsaidia, na darasa zima likaitikia kama kwaya, kwa furaha tupu ya kuweza kusema: "He didn't close the door! He didn't close the door!"

Mzee hakucheka. "Rudieni polepole," alisema, "niandike." Akaandika. Kisha akainua uso. "Mwalimu, mtu akiacha jambo, si kwa kupenda wala kwa dharau, limemtoka tu akilini. Wanasemaje?"

Mwalimu akaandika ubaoni: forgot. Mzee akalinakili peke yake katikati ya ukurasa mweupe, akakaa akilitazama. Mwalimu alitaka kujua, eti! Sasa alianza kuogopa kujua.

Hakuachwa angoje sana. Ijumaa, kabla wanafunzi hawajafika, akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, nguo zake za ofisini zimepigwa pasi vizuri, ameshika daftari la mzee.

"Wewe ndiye unayemfundisha baba yangu?"

"Ndiyo. Keti, dada."

Hakuketi. Alikuwa katibu katika jengo lile lile la ghorofa saba, na Kiingereza chake, alichosomeshwa na baba kwa jasho, ndicho kilichompatia kazi. Mwezi mmoja na nusu uliopita, alisema, mlango wa lifti wa ghorofa ya nne uliachwa wazi bila lifti kuwepo. Mhasibu mmoja, anatembea huku anasoma makaratasi, akaingia kwenye tundu, akaangukia paa la lifti lililokuwa chini yake, akavunjika mguu. Kampuni ya bima ikamleta mkaguzi kutoka nje, hajui neno la Kiswahili. Meneja akamwambia katibu atafsiri.

"Baba alisema, 'Mimi nilifungua, nikashuka kufuata grisi, nikasahau kufunga.' Nilimsikia vizuri. Lakini mdomo wangu ukasema mlinzi ndiye aliyeondoa kizuizi kilichowekwa mlangoni." Akanyoosha pembe ya daftari. "Amebakiza miezi minne astaafu, mwalimu. Miaka thelathini na moja hajaumiza hata paka. Wewe ungefanyaje?"

"Na mlinzi?"

"Nilidhani watamhamisha tu." Macho yake yakaenda dirishani. "Wamemfukuza. Sasa anabeba mizigo sokoni. Ana watoto watatu. Najua, usiniambie. Najua."

Akaliweka daftari mezani kama kitu kinachoungua. "Mkaguzi anarudi Jumanne kufunga faili. Baba ataitwa kutia sahihi. Nakuomba. Mfundishe salamu. Mfundishe hali ya hewa."

Mwalimu alimwonea huruma binti huyu kwelikweli, na alimkasirikia vilevile, vyote kwa pamoja. Mwishowe akasema, "Dada yangu, neno likishaingia kichwani mwa mtu, mimi sina kifutio chake."

Kipindi kilipoisha alimzuia mzee mlangoni.

"Alikuja, sivyo?" mzee alimuwahi. "Daftari limerudi limenyooshwa pembe. Mimi sinyooshi pembe."

"Ulijuaje alichotafsiri, mzee? Na Kiingereza hujui."

"Kiingereza sijui, lakini uso naujua. Nilisema neno zito, mwalimu, neno lililoninyima usingizi. Mkaguzi akatabasamu. Akanipa mkono! Nani anampa mkono mtu aliyemvunja mwenzake mguu? Baada ya siku tatu mlinzi akafukuzwa. Hesabu yake nyepesi."

"Si ungemwambia meneja?"

"Nilimwambia. Akasema, mzee usituvurugie, faili limeshaandikwa. Na mkalimani mwingine angeletwa na meneja huyo huyo."

"Basi ungemwambia binti yako."

Chini dukani walikuwa wanatikisa kopo la rangi. "Nikimwambia kwamba najua," mzee alisema, "atanitazamaje tukikaa mezani? Mama yake hayupo, tumebaki wawili. Mtoto alinificha kwa mapenzi, nami nimfichue? Hapana. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yeye asiguswe. Wewe twende wote. Nikikwama, uwe nyuma yangu."

Jumanne walikuwa watano katika chumba cha mikutano: mkaguzi na kalamu yake, meneja, binti, mzee, na mwalimu kwenye kiti cha ukutani. Mzee alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni. Mkaguzi akamsogezea karatasi, akamwonyesha pa kutia sahihi. Binti akafungua mdomo atafsiri.

Mzee akainua kiganja. Akasimama.

"I opened the door," alisema. "I put grease. Grease finished. I went down. I didn't close the door." Akavuta pumzi. "The guard didn't touch. The guard was downstairs. I forgot. Me. I forgot."

Kusikia mlinzi hakugusa kitu, meneja aligeuka na kiti. Mkaguzi hakutabasamu. Alikuwa ameacha kalamu hewani, anamtazama mzee kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitaka kupiga makofi, akajishika.

Kisha mkaguzi akauliza jambo, refu, la haraka. Mzee hakulielewa hata kidogo. Alimtazama mwalimu, lakini mkaguzi alikuwa ameshamgeukia mkalimani wake wa siku zote.

"Baba," binti alisema, "anauliza kwa nini mara ya kwanza ulisema ni mlinzi."

Mzee alimtazama mwanawe kwa upole ambao mwalimu aliona aibu kuushuhudia.

"Mwambie niliogopa," alisema. "Mwambie nilidanganya. Nilimtaja mlinzi kwa sababu niliiogopea kazi yangu. Mtafsirie hivyo hivyo, mwanangu."

Lo! Mzee aliyekuja kwa miguu yake kutema uongo mmoja aliowekewa mdomoni, sasa anameza mwingine mzima mzima. Mwalimu alishika kingo za kiti. Angeweza kusema. Kiingereza anacho, ukweli anao, na ulimi ulikuwa unamwasha. Lakini hiyo haikuwa zamu yake.

Binti alisimama. Alianza kwa sauti ndogo, na mwalimu akalifuatilia kila neno. Alimwambia mkaguzi kwa Kiingereza: baba yangu anasema alidanganya kwa woga. Si kweli. Mara ya kwanza alikwambia yote, kama alivyokwambia leo. Mimi ndiye niliyeyabadilisha. Mimi ndiye niliyeogopa.

"Unasema nini?" mzee alimvuta mkono wa shati. "Mbona umesema maneno mengi? Mimi sikusema mengi hivyo. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. "Nimetafsiri. Ulichosema siku ile."

Mzee akakaa chini polepole, na binti akakaa kiti cha pembeni yake, bega kwa bega. Mkaguzi aliivuta karatasi ya sahihi, akaichana, akafungua ukurasa mpya. Kisha akauliza jina la mlinzi linaandikwaje.