Paa Lisilotoa Moshi

Mafundi walivunja dohani yangu, bomba la moshi la paani, Jumanne, kwa sababu kivuli chake kiliangukia paneli za sola walizonifungia. Sikubishana. Viwanda vya mkoa vina njaa ya umeme, na paa langu lilikaa bure. Mwanangu Yanping alipiga simu kutoka mjini akicheka.

"Mama, sasa unauza jua! Kitanda utakipasha moto kwa swichi tu."

"Na wewe utakuja lini kukilalia?"

"Mwaka mpya, Mama. Nikipata likizo."

Upande huu wa kijiji zimebaki nyumba mbili zenye watu: yangu, na ya jirani yangu Hao Cuilian, ng'ambo ya korongo. Watoto wetu walipohama tulikubaliana. Kila asubuhi nikiwasha kuni kwenye jiko lililo chini ya kitanda changu cha udongo, yeye anaona moshi. Akiwasha yeye, naona mimi. Uji ukiiva na moshi wa mmoja haujaonekana, mwenzake amfuate. Siku dohani ilipovunjwa, sikuyakumbuka makubaliano hayo hata kidogo.

Ijumaa niliteleza kwenye barafu uani, nyonga ikakataa. Nikajiburuta hadi kizingitini. Simu ilikuwa ndani, juu ya kabati. Nililala nikitazama ng'ambo, nikimsubiri Cuilian. Moshi wake ulipanda umenyooka, ukapungua, ukaisha. Hakuja mtu. Saa saba mchana ndipo nilipofaulu kujiburuta ndani, nikaiangusha simu kwa mpini wa ufagio, nikampigia katibu wa kijiji.

Katibu alimleta Cuilian kwa pikipiki.

"Hukutazama?" nikamuuliza.

"Nilitazama. Sikuona moshi, nikasema, ah, huyu siku hizi bibi wa umeme, atatutambua sisi wa kuni?"

"Mjinga wewe, dada."

"Mjinga ni aliyevunjiwa dohani akawapikia chai waliovunja!"

Tulicheka, nyonga ikaniuma.

Yanping anataka kunifungia kamera anione kwenye simu yake. Nilimuuliza ataitazama saa ngapi.

Jana mafundi walimaliza kufunga sola kwenye paa la Cuilian, na dohani yake ikavunjwa. Watoto wake walishatia saini mkataba. Nilikuwa nimemwambia akatae, akasema amechoka kubeba kuni. Mimi pia nilikuwa nimechoka.

Leo uji umeiva. Nimetazama ng'ambo: paa jeusi la sola, hewa safi bila moshi, mlango umefungwa. Kushuka korongo na kupanda ni saa nzima kwa nyonga hii. Nimechukua fimbo, nimeanza kushuka.