Bolti Mbili Ndefu

Mama Favour, jirani yetu hapa Mkolani, anasimulia kwamba mzee Okech alikuwa amelewa siku ile aliyofunga kava la cheni ya taiming mbele ya injini, kwenye Noah ya mteja wetu Nestory. Anasema alimwona kwa macho yake akiyumba na spana mkononi. Mama Favour hakuwepo. Nilikuwepo mimi, na mzee Okech hata soda hakunywa.

Mzee ndiye aliyenipokea gereji nilipomaliza darasa la saba. Alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kufungua kava, anachora umbo lake kwenye boksi. Kila bolti akiitoa ananipa, naichomeka kwenye mchoro mahali ilipotoka. Maana hazilingani, mbili ni ndefu kuliko nyingine kwa upana wa ukucha tu.

"Mimi naweza kusahau, Achola," alikuwa akisema. "Boksi halisahau."

Siku ile mvua ilitoka ziwani ghafla, injini ikiwa wazi. Mzee akakimbilia turubai. Mimi nikanyakua kitu kilichokuwa karibu, nikaifunika injini nacho. Kumbe ni boksi. Bolti zote zikamwagika mchangani.

Nestory alikuwa amejikinga barazani, akacheka. "Dada, unaokota dagaa? Tia na chumvi basi!"

Niliona aibu. Nikazichomeka harakaharaka, kwa kukisia. Mzee aliporudi hakuniuliza kitu, aliliamini boksi. Akapaka silikoni ya kuzuia oili isivuje, akalibandika kava, akawa ananyoosha mkono nami nampa bolti moja moja. Kila aliyoikaza ilikaza. Nikajiambia, labda nimepatia.

Sikupatia. Bolti ndefu kwenye tundu fupi inagota mwisho kabla ya kulibana kava, ila mkononi unaisikia imekaza. Oili ilivuja njiani, injini ikakaukiwa, ikanoki na kufa kabla Nestory hajafika Magu. Jitesh, mwenye gereji, alipofungua akazikuta zimebadilishana nafasi, ndefu kwa fupi. Mzee hakubisha.

"Macho yangu yamechoka," alisema, akakabidhi spana.

Miezi minne nilinyamaza. Jana ndiyo nikamfuata kwake Pasiansi, nikamkuta sebuleni anashona vifungo vya shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wangu. Bado hujanuka oili vya kutosha?"

"Bado. Rudi unifundishe."

"Aa, mimi basi. Mtu asiyeona bolti ndefu na fupi asiguse injini ya mwenzake."

Alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila hata kukunja uso. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Macho yako mazima, mzee. Boksi nililimwaga mimi. Nikazipanga kwa kukisia, nikakaa kimya."

Sindano ikasimama.

"Naomba Jumatatu twende wote kwa Jitesh, nikaseme mbele yako."

Hakuniangalia. Alikata uzi kwa meno, akaligeuza shati, akaanza kushona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.