Tone la Zambarau

Mgeni aliingia bandani bila hodi, gari la buluu likinguruma nyuma yake.

"Dada fundi, niangalizie gia. Ila mwenye gari kasema nisilitembeze zaidi ya dakika kumi."

Fundi akamkazia macho. Huyu dalali tu, akawaza, anatafuta neno zuri la kwenda kuuzia watu.

"Gari la nani?"

"Nauziwa. Mke wangu anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, sitaki lituzimikie njiani. Mafundi wawili wamenizungusha. Niahidi utasema utakachokiona, hata kikiwa kibaya."

"Nimeahidi. Na hizo dakika tutazizidisha."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Nyekundu, safi, haina harufu. Gari kuukuu, oili changa: ajuza aliyepaka wanja. Wakatoka. Mwanzoni gia zilibadilika kwa adabu. Dakika ya ishirini, giaboksi ilipopata moto, injini ilipiga kelele mlimani na gari likabaki palepale kama mbuzi aliyegoma. Walilirudisha likitambaa.

Fundi akalala chini yake na tochi. Kila bolti ya bakuli la oili ilikuwa na tone la rangi ya kucha, zambarau. Ni alama yake mwenyewe; huitia kwenye kila giaboksi anayoifungua, ajue mkono mwingine ukipita. Akakwaruza ile rangi ya buluu ya bodi kwa ukucha. Chini yake, nyeupe.

Gari la shemeji. Miezi miwili nyuma alikuta humo oili nyeusi inayonuka kuungua, na vumbi la chuma. "Usimuuzie mtu, shemeji," alimwambia. Shemeji akacheka tu. Na banda hili, mpaka bati la juu, ni la shemeji. Kumbe alimshuku wa mlangoni, na kikulacho ki nguoni mwake.

Angeweza kusema tatizo ni oili tu. Alitoka chini akijifuta mikono, taratibu mno.

"Usinunue. Gia zimekwisha, hiyo oili mpya imezifunika tu. Nilizifungua mwenyewe."

Mgeni akarudi hatua moja. "Kumbe mwenye gari unamjua? Mbona ulinyamaza?"

"Nililijua likiwa jeupe. Mwenye gari ni mume wa dada yangu. Banda hili ni lake."

Mgeni akatazama bati, akamtazama yeye. "Akikana je? Niandikie."

Fundi akaandika, akatia sahihi. Mgeni alipokwenda kurudisha gari, fundi alivuta sanduku kutoka chini ya meza, akaanza kupanga spana zake humo, ndogo kwanza.