Twiga Mwenye Miwani

Fundi rangi alikuwa amepaka mageti ya nusu ya mtaa, kwa hiyo mkewe alipopendekeza waagize keki ya binti yao anayetimiza miaka minne, aliona ametukanwa.

"Keki ni ukuta mdogo tu," alisema.

Binti alitaka twiga wa kwenye kitabu chake cha picha, yule anayevaa miwani. Baba mtu akakoroga siagi, sukari na rangi za chakula kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata chai. Njano ikatoka kijani. Shingo ikalala kushoto. Akaitia kijiti, ikalala kulia. Madoa nayo yakaamua kuchuruzika.

Shemeji yake, dada wa mkewe anayeoka keki za kuuza, akachungulia jikoni. "Hongera, shemeji. Mamba mzuri hivi sijapata kuona."

"Ni twiga."

"Ahaa. Sasa ulivyomtaja, namwona."

Mkewe, mwanamke mwenye huruma sana, alikwishapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo.

Wageni walipoketi, mtoto aliikodolea macho keki hadi fundi akaanza kutokwa jasho.

"Twiga wangu anaumwa," akasema kwa upole. Akavua sweta lake, akamfunika.

Kisu kilipoletwa, akalikumbatia sinia na kukataa katakata mgonjwa wake aguswe. Ikabidi wageni wale biskuti.

Fundi akamwinamia shemeji yake. "Keki zako huwa zinaliwa tu, siyo?"