Ndoo Zisizovuja

Mtaa mzima ulimwita Haivuji, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na moja. Akishafunga koki hupangusa kiungo kwa kitambaa kikavu, hukikodolea macho dakika tano nzima, kisha husimama na kutangaza, "Haivuji." Kabla ya hapo hata chai ya mwenye nyumba haigusi. Wenye haraka walimnung'unikia, lakini maji yakiwafika miguuni walimpigia simu yeye.

Barabara mpya ilipopitia kwenye nyumba yao ya zamani, Haivuji na mkewe walihamia ghorofa ya tatu: vyumba viwili, jiko la kuingia kwa zamu, na roshani ya hatua sita kwa mbili. Fundi hakuona shida. Mabomba ya jengo lile yalikuwa mabovu, na yeye akafurahi kimoyomoyo kwamba kazi haitamkosa. Mkewe ndiye aliyeumia. Alikuwa amelima nyuma ya nyumba tangu siku alipoolewa, na hajawahi kununua mchicha hata fungu moja. Sasa aliamka asubuhi, akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa, akakaa.

Wiki ya tatu akatoa la moyoni. "Baba watoto, sina ugomvi na wewe. Lakini hapa nitaoza nikiwa mzima. Mvua zikianza nakwenda kwa dada. Ana shamba kubwa na hana wa kumsaidia."

"Utarudi lini?"

"Sijui kama nitarudi. Wewe una wateja wako, baki nao. Utakuwa unakuja kutusalimia."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha mumewe. Mkewe akiwa na hasira, fundi alijua namna ya kumtuliza. Huyu wa leo alikuwa amekwisha kuamua. Fundi alimpenda mke wake, ingawa kulisema hilo kwa mdomo aliacha tangu watoto walipoanza kuelewa maneno, na hakutaka kujiona anakula peke yake kwenye meza ile. Mvua zilikuwa zimebakiza miezi mitatu.

"Basi nitalima mimi," akasema. "Hapohapo kwenye roshani."

Mkewe alicheka kwa pua. "Wewe? Wewe ambaye mchicha unaujua ukiwa kwenye sahani?"

Ilikuwa kweli, lakini fundi hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma na ukweli. Kesho yake alikusanya ndoo kumi na mbili za rangi kutoka kwa mafundi wenzake, akazisugua mpaka zikang'aa. Kisha akafanya kile alichokifanya maisha yake yote: akazijaza maji, akazipanga juu ya magazeti, akazisubiri siku nzima. Mbili ziliacha unyevu. Akaziziba kwa silikoni, akazijaribu upya, akaridhika. Hapo ndipo alipotia udongo, samadi na mbegu.

Siku ya tano mchicha ukachomoza. Alimwita mkewe aje aone, mkewe akajibu kwamba ana kazi, naye alikuwa hana kazi yoyote. Wiki ya tatu majani yakageuka manjano. Kiu hiyo, akawaza fundi, akaongeza maji. Yakazidi manjano, akazidisha maji. Mwisho mashina yakalegea, yakalala, na ndoo zikaanza kutoa harufu ya bomba lililoziba. Harufu hiyo angeitambua akiwa amefumba macho jikoni kwa mtu mwingine. Kwenye ndoo zake mwenyewe haikumwambia kitu.

Akabadilisha udongo wote. Aliupandisha ngazi kwa magoti yake mabovu, mfuko kwa mfuko, akipumzika kila ghorofa na kujifanya anakagua mabomba ya ukutani. Safari hii akapanda nyanya na pilipili. Zote zikaishia kulekule. Mwezi wa pili ukaisha, na mkewe akaanza kukunja nguo za shamba na kuziweka pembeni.

"Acha kujitesa," alimwambia.

"Sijitesi. Nalima."

"Unalima matope."

Asubuhi iliyofuata alitoka na mfuko wake wa vifaa, akaenda kwa muuza miche wa kando ya barabara kununua miche iliyokwisha kukua, maana aliamini kosa liko kwenye mbegu. Muuza miche, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, alikuwa anampakilia mteja mizigo kwenye gari. "Nisubiri kidogo, mzee wangu," akamwambia, "nakuja sasa hivi."

Fundi akasubiri. Mbele yake vilipangwa vyungu vya mawaridi vilivyotoka kumwagiwa maji, na vyote, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vinatiririka kwa chini. Alivumilia kadiri alivyoweza. Alimwonea huruma yule mama, anachoka kumwagilia na maji yote yanakwenda zake. Akafungua mfuko, akatoa silikoni, akainama.

Muuza miche aliporudi, alikuta vyungu kumi na kimoja vimelazwa ubavu, vimezibwa safi.

"Mzee wangu, unafanya nini?"

"Nakusaidia tu, wala sitaki malipo. Vyungu vyako vyote vinavuja."

Yule mama alimtazama usoni, kisha akatazama vyungu. Alipoona mtu hana utani, hasira ikamwisha. "Vinavuja kwa sababu nimevitoboa mwenyewe. Mizizi inataka hewa. Ukiuzibia mmea kwa chini, unauzamisha. Kwako umepandia kwenye nini?"

"Ndoo."

"Umezitoboa?"

Ndoo kumi na mbili zilipita machoni pa fundi, zile mbili alizoziziba kwa silikoni zikitangulia, akaona haya kama hajawahi kuona tangu ujana wake. Alichomoa silikoni yote kwa kisu, tundu kwa tundu, akaomba radhi, akaondoka na miche ishirini, ya mchicha na ya mawaridi.

Nyumbani alipindua ndoo ya kwanza, akashika drili, na mkono ukakataa. Miaka arobaini na moja mkono huo ulikuwa unaziba. Akautukana, akabonyeza. Ndoo ya kwanza ilimchukua robo saa, iliyofuata dakika moja. Kelele zikamtoa mkewe chumbani.

"Unaharibu ndoo nzima kwa nini?"

Akamweleza yote, vyungu kumi na kimoja bila kuficha hata kimoja. Mkewe alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia ameketi juu ya ndoo, anajifuta machozi kwa kanga. Fundi hakuwa amesikia kicheko hicho tangu wahame. Kisha mkewe akaangalia jinsi anavyoushindilia udongo kwa ngumi. "Usiufinye hivyo. Sogea, utaua tena." Akaingiza mikono yake mwenyewe.

Walipomwagilia, maji yalidondoka chini tii, tii, na fundi alitoka kwenda sebuleni kwa sababu hakuweza kuyasikiliza. Siku ya pili mshonaji wa ghorofa ya chini yao alipanda na gauni la mteja lenye madoa ya udongo. Hapo sasa fundi akawa uwanjani kwake. Alilifua gauni lile, akaweka sinia chini ya kila ndoo, akaziunganisha kwa bomba jembamba hadi kwenye dumu, na mkewe akawa anachota humo kumwagilia tena. Wiki ya nne walichuma mchicha. Waridi moja likachanua, dogo na jekundu mno.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Jioni hiyo dada mtu akapiga simu, fundi akasikia kila neno: ardhi imelowa, njoo. Mkewe akasema atampigia. Fundi alilala ubavu mmoja, akaamka mapema, akamkuta mkewe roshani anapima kona kwa kiganja.

"Nitafutie pipa," mkewe akasema. "Kubwa, lililokatwa nusu. Ulitoboe vizuri. Nataka mlimau hapa."

"Mlimau unazaa baada ya muda gani?"

"Miaka mitatu. Wa kwenye pipa, labda minne."

"Na nani ataungoja miaka yote hiyo?"

Mkewe aligeuka akamtazama. "Kwani wewe una safari?"

Fundi alisema hana safari yoyote. Kisha akaingia ndani haraka kutafuta drili, ingawa pipa lenyewe lilikuwa bado halijapatikana, maana machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakutaka aonwe.